Joto la Mpangaji

Mwenye kiwanja hujenga mara moja, lakini joto la nyumba yake hulipiwa kila mwezi, na mara nyingi anayelipa ni mwingine. Nangurukuru, pale njia ya Kilwa Masoko inapochepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi, vyumba vingi vya kupangisha ni vya tofali za saruji na bati, bila dari. Saa nane mchana bati huunguza. Baada ya Isha ukuta uliopigwa na jua la jioni bado ni wa moto, na mpangaji ama atoke nje na mkeka, ama awashe feni na kutazama uniti za LUKU zikiisha. Je, serikali ina haki ya kumwambia mwenye mali ajenge vipi?

Nasema inayo. Wapo wanaojibu kwamba mali ni ya mwenyewe, na dini inalinda milki. Ni kweli inailinda. Lakini fiqhi ya dini hiyo hiyo imekataza kudhuru na kudhuriana, na mafakihi tangu zamani waliitumia kanuni hiyo kumzuia mtu asijenge kwa namna ya kumuumiza jirani. Mpangaji ni zaidi ya jirani: analala ndani ya uamuzi wa mwenye nyumba. Wala israfu ya umeme haiwi halali kwa sababu bili inalipwa na mwingine. Sehemu ya umeme wetu inatoka kwenye gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 mbele ya pwani hii hii na kuanza kutumika mwaka 2004. Ikishachomwa hairudi, na watakaoihitaji kesho hawakuulizwa.

Hoja nzito zaidi ni ya umaskini. Jiji la New York lilipitisha sheria yake ya kubana gesi joto za majengo mwaka 2019, kwa majengo yanayozidi futi za mraba 25,000; ukiileta Kilwa ilivyo, utampandishia mpangaji kodi. Nakubali, na ndiyo maana kanuni yetu ianze na yasiyo ghali: ubavu mfupi wa nyumba uelekee magharibi, madirisha yakabiliane ili kusi na kaskazi zipite, upenu uwe mpana, bati liwekewe dari. Ianze na ofisi za umma na nyumba za kupangisha, kibanda cha mjane kiachwe. Mkakati wa taifa wa matumizi bora ya nishati wa 2024 hadi 2034 tayari upo. Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa, kabla ya kutoa kibali cha nyumba ya kupangisha, imuulize mwombaji upepo utapitia wapi, na asiye na jibu asipewe kibali.