Divai ya Marehemu Baba: Inywewe au Imwagwe?



Walinijia mume na mke ambao kwa majuma mawili walikuwa wakisemezana kwa ajili ya watoto tu. Ugomvi wao haukuwa juu ya shamba wala juu ya mtu wa nje. Ulikuwa juu ya chupa sita za divai.

Baba wa huyo bwana alikuwa mpishi wa Wazungu mjini Nairobi. Waajiri wake walipohama katika miaka ya 1970, walimwachia chupa hizo. Mzee akazipeleka kwake Limuru, na hakuzifungua hata siku ya kumwoza binti yake. Alipofariki, zikamwangukia mwanawe wa kwanza.

Bwana alisema, "Mama watoto, divai ikizeeka huwa ghali. Tuuze, tulipe karo." Mkewe akajibu, "Baba watoto, mimi sitaki sumu katika nyumba yenye watoto. Mwaga!" Mume akasikia kwamba mkewe anataka kummwaga marehemu baba yake. Mke akasikia kwamba hofu yake ni upuuzi.

Niliwauliza swali moja tu: "Mmekwisha kuzitazama?" Wakatazamana wao kwa wao. Walikuwa wamegombana majuma mawili juu ya kitu ambacho hawajakikagua!

Basi nawe uliyerithi chupa za namna hii, zikague pamoja na mwenzako.

Kwanza, ulizeni zilikaa wapi. Divai huharibiwa na joto, mwanga na hewa. Chupa iliyolazwa mahali pa baridi na giza ina matumaini. Iliyokaa chini ya mabati ya moto, au dirishani penye jua, haina mengi.

Pili, tazameni kizibo na karatasi yake. Je, ni kizibo cha kiwandani, ambacho hakijaguswa? Sisi sote tunajua chupa tupu hutiwa nini vijijini: mafuta ya taa, hata dawa ya kuoshea ng'ombe. Chupa iliyozibwa upya isionjwe kamwe, hata kwa ncha ya ulimi.

Tatu, tazameni divai imefika wapi. Ikiwa bado iko shingoni, vema. Ikiwa imeshuka chini ya mabega ya chupa, hewa imeingia, na huenda imekwisha haribika.

Nne, inueni chupa kwenye mwanga. Divai nyekundu ikizeeka hugeuka rangi ya tofali, na hilo si kosa. Nyeupe iliyogeuka kahawia kama chai ya rangi, kwa kawaida imekwisha. Mashapo chini ya chupa nyekundu ni jambo la kawaida. Isimamisheni siku moja au mbili, kisha mimineni polepole.

Tano, ifungueni na kunusa. Zamani vifuniko vya juu ya kizibo vilitengenezwa kwa risasi, na Marekani ilivipiga marufuku mwaka wa 1996. Kwa hiyo futeni mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye maji kabla ya kumimina. Ikinuka siki, au karatasi iliyolowa, mwageni bila majuto. Divai iliyochacha kwa kawaida si sumu. Ni chungu na haina raha tu. Ikiwa bado ni nzuri, inyweni siku hiyo hiyo pamoja na chakula, kwa maana divai ya miaka mingi ikipata hewa hufifia upesi.

Na wewe bwana unayehesabu pesa, sikia. Divai nyingi hutengenezwa ili zinywewe katika miaka michache. Ni chache zinazongoja miongo, kama vile zile bora za Bordeaux kule Ufaransa, au port ya Ureno, ambayo huongezewa kileo cha zabibu. Hata hizo, mnunuzi atataka kujua zilivyohifadhiwa.

Tulikwenda Limuru siku ya Jumamosi. Chupa nne zilikuwa sebuleni, katika kabati la vioo, mahali ambapo jua la alasiri huingia. Mzee alizipanga hapo ili wageni wazione. Zote nne zilikuwa zimeharibika. Mbili zilikuwa chini ya kitanda, gizani, katika ile baridi ya Limuru. Moja ilikuwa na kizibo cha karatasi. Ilinuka mafuta ya taa kabla hatujaigusa. Mama akanitazama, nami nikamwambia bwana, "Hofu ya mkeo haikuwa upuuzi." Ya mwisho ilikuwa port. Bwana alipoionja alinyamaza, kisha akampa mkewe kikombe, akasema, "Pole, mama watoto. Onja ya mzee."

Wapendwa, umri peke yake haukuiokoa hata chupa moja. Zile za kuonyesha wageni zilikufa; iliyotunzwa pasipo macho ya watu iliishi. Ndoa nayo ni hivyo. Miaka 30 ya cheti haisemi kitu, ikiwa upendo wenu umewekwa sebuleni kwa ajili ya wageni, na chumbani mnalala kama wapangaji. Unaitunzaje ndoa yako pale ambapo hakuna anayeona?

Bwana aliniuliza kama ile port ingefaa kwa Misa. Nikamwambia hapana. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 924, inadai divai ya asili, ya mzabibu, isiyoharibika, na padre asibahatishe altareni. Ile iliyosalia waliigawana na ndugu jioni hiyo hiyo, kila mtu kijiko kimoja, wakimkumbuka mzee.

Lakini kama nyumbani kwenu kuna anayepigana na ulevi, msingoje kukagua. Mwageni leo, wote wawili mkishika chupa. Heshima ya marehemu haimo ndani ya chupa.

Jioni hii, kabla ya sala, mwulize mwenzako: ni jambo gani tunalogombania ambalo hatujalitazama pamoja?

Yesu aliyealikwa arusini Kana akae nanyi. Mungu awabariki.