Joho na Vitabu

Mahubiri ya Sikukuu ya Mtakatifu Luka
Somo: 2 Timotheo 4:5–15



Mwezi huu, tarehe 18 Oktoba, Kanisa lamkumbuka Mtakatifu Luka, mganga na mwinjilisti. Waraka unaosomwa siku hiyo ni ule ambao Mtume Paulo alimwandikia Timotheo hali amefungwa, naye akijua ya kuwa mwendo wake unakaribia kwisha. Dema amemwacha. Tikiko ametumwa Efeso. Ni Luka peke yake aliyebaki naye.

Mzee aliye katika hali hiyo tungetazamia aombe nini? Labda mtetezi wa kesi yake, labda chakula. Lakini tazameni mstari wa 13. Anamwagiza Timotheo, atakapokuja, amletee joho lake aliloliacha Troa nyumbani kwa Karpo, na vitabu vyake, hasa vile vilivyoandikwa juu ya ngozi.

Vitabu! Mtu anayengoja kuuawa ataka vitabu vya nini? Hatafuti cheo wala nyongeza ya mshahara. Bali Paulo ajua ya kuwa akili yake ni mali ya Mungu, na maadamu pumzi ingalipo, mali hiyo haifai kulala bila kazi. Ubaridi waja, na joho alihitaji kwa ajili ya mwili. Vitabu alivihitaji kwa ajili ya nafsi. Vyote viwili aviomba kwa pumzi moja, wala haoni haya.

Nimelichagua neno hili kwa sababu katika mtaa wetu wako watu wazima wanaosoma shahada wakiwa makwao: walimu wa shule za msingi, muuguzi mmoja, karani, na baba mmoja ambaye wanawe wawili wamekwisha kumtangulia chuoni. Wengine twawajua, wengine wanasoma kwa siri, maana wanaogopa kuchekwa wakishindwa. Hao ndio ninaotaka kusema nao leo, pamoja na sisi sote tunaoishi nao.

Kusoma ukubwani si jambo geni kwetu. Wazee wenu wanakumbuka jinsi Mwalimu Nyerere alivyoutangaza mwaka wa 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na jinsi baba na mama walivyokaa jioni na daftari zao wakijifunza kuandika majina yao. Kisha kwa sheria ya Bunge ya 1992 kikaundwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, nacho kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Mwanafunzi wa chuo hicho haachi kazi yake wala jamaa yake. Husoma nyumbani, hufika kituo cha mkoa kwa mafunzo ya ana kwa ana na kwa mitihani, na siku hizi masomo mengi huyapata katika simu au kompyuta. Uingereza walikuwa na chuo cha namna hiyo kilichoanza kufundisha mwaka 1971, na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa njia ya posta mwaka 1946.

Katika chuo hicho cha Afrika Kusini ndimo Nelson Mandela alimomalizia shahada yake ya sheria. Aliyaanza masomo ya sheria darasani, katika chuo kingine, mwaka 1943, akaondoka bila kumaliza. Baadaye akafungwa. Huko kisiwani Robben wafungwa walipasua mawe mchana na kusoma usiku, naye aliwahi kunyimwa ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Shahada aliipata mwaka 1989, akiwa angali mfungwa, mwenye umri wa miaka 70. Tangu siku alipoanza ilikuwa imepita miaka 46. Basi asiwepo mtu wa kumwambia mwenye miaka 40 ya kwamba amechelewa.

Nami ninasema hivi nikijihukumu mwenyewe, maana neno hilo niliwahi kulisema mimi.

Miaka kadhaa iliyopita, mwalimu mmoja wa mtaa huu alinifuata sakristia baada ya Misa. Alikuwa mama wa miaka 44, mshiriki mwaminifu wa Umoja wa Akina Mama. Mkononi alikuwa na fomu ya kuomba nafasi ya kusoma shahada ya ualimu, naye alitaka nimwandikie barua ya kumtambulisha. Nilikuwa ninakunja mavazi ya ibada, na nyumbani walikuwa wananingoja wageni. Nikamwambia huku ninacheka, “Mama, wewe karibu utaitwa bibi. Waachie vijana mambo hayo.” Naye akacheka kwa heshima, akasema, “Haya, Padre.” Akaikunja fomu ile mara mbili, akaitia katika mkoba wake pamoja na Kitabu cha Sala, akaenda zake.

Mimi nililisahau jambo lile jioni ile ile. Yeye hakulisahau. Ilipita miaka sita ndipo akarudi, safari hii akiwa na miaka 50. Nikamwuliza kwa nini alikawia namna hii. Akanijibu kwa upole, “Padre, ulisema niwaachie vijana. Nikaona ni neno la Kanisa.”

Ndugu zangu, siku ile niliona haya kuliko siku yo yote ya upadre wangu. Katika somo letu, mara tu baada ya joho na vitabu, Paulo anamtaja Iskanda, mfua shaba, aliyemtenda mabaya mengi na kuyapinga maneno yake. Nilipokuwa nikilisoma somo hilo nilizoea kumtafuta Iskanda miongoni mwa watu wengine. Kumbe kwa mama yule Iskanda nilikuwa mimi, tena bila chuki yo yote, kwa mzaha tu wa mtu aliyekuwa na haraka. Nilimwomba radhi, nami narudia kumwomba mbele yenu. Miaka ile sita ilipita vile vile kama ambavyo ingepita akisoma. Angekuwa amekwisha kumaliza.

Basi kwenu mnaosoma, au mnaofikiri kusoma, nina maneno matatu.

Neno la kwanza: hesabuni gharama. Ni Mtakatifu Luka mwenyewe, katika sura ya 14, aliyetuandikia mfano wa Bwana wetu juu ya mtu atakaye kujenga mnara, ambaye sharti kwanza aketi na kuhesabu kama ana vya kuumalizia. Ketini, ninyi na wenzi wenu. Andikeni ada ya kila mwaka, nauli ya kwenda kituoni na kurudi, malazi ya siku za mitihani, na fedha za intaneti kila mwezi. Kisha andikeni na saa: ni saa ngapi kwa juma, na zitatoka wapi? Ada isitoke katika karo ya watoto kwa siri. Mtu akisoma kwa kuwaficha wa nyumbani mwake, ugomvi utamkuta njiani, na masomo ndiyo yatakayoachwa kwanza. Kadhalika ulizeni kwanza kama chuo hicho kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Ni afadhali kupoteza siku moja kwa kuuliza kuliko miaka minne kwa kutouliza.

Neno la pili: kubalini kuinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu mkuu aliyezoea kuamkiwa na shule nzima atarudishiwa kazi yake na mhadhiri mwenye umri wa mwanawe, imejaa alama nyekundu. Mzee wa kanisa atamwomba kijana amwonyeshe jinsi ya kutuma zoezi kwa kompyuta. Hapo wengi huacha, si kwa kushindwa na somo, bali kwa kushindwa na haya. Kumbukeni ya kuwa Mwokozi wetu, kama Luka anavyosimulia katika sura ya 2, alionekana hekaluni ameketi kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza maswali. Ikiwa Yeye hakuona haya kuuliza, sisi ni nani?

Neno la tatu: someni kwa unyofu. Husikika siku hizi habari za watu wanaomlipa mwingine awaandikie mazoezi na hata utafiti wao, na wengine wanaonunua cheti chenyewe. Mkristo asithubutu. Huyo hamwibii mwajiri peke yake. Humwibia na mtoto atakayefundishwa na mwalimu asiyejua, na mgonjwa atakayehudumiwa na muuguzi asiyesoma. Siku ya mahafali nalo huvaliwa joho. Lakini joho la Paulo lilikuwa la kumkinga na baridi, naye aliliomba pamoja na vitabu. Mwenye kutaka joho bila vitabu atabaki na nguo tu.

Hata hivyo sitaki mtu asiye na shahada atoke kanisani leo amejiona mdogo. Petro na Yohana walionekana mbele ya baraza kuwa watu wasio na elimu, na Bwana aliwatumia. Mbele ya meza ya Bwana hatuulizwi vyeti. Na ninyi mtakaohitimu, msirudi kwetu mkitafuta viti vya mbele. Kama elimu yako haimsaidii mama mjane kuisoma barua ya mirathi yake, wala haimsaidii mtoto wa jirani kulielewa somo lake la hesabu, basi umesomea ukuta.

Sasa nina neno kwa sisi tusiosoma. Tuutazame tena ule mstari wa 13, tuhesabu watu waliomo. Yumo Paulo anayevitaka vitabu. Yumo Karpo aliyevitunza nyumbani mwake. Yumo Timotheo atakayevibeba, kwa nchi kavu na kwa bahari, toka Troa hata Rumi. Na mstari wa 11 wamtaja Marko, ambaye ataletwa aje kusaidia. Ili mzee mmoja asome, wahitajika watu watatu! Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Mama yule mwalimu yupo sasa katika mwaka wake wa pili. Nilimwuliza ni kitu gani kinachomtaabisha zaidi. Nilidhani atasema fedha. Akasema, “Ni meza, Padre. Nyumbani kuna meza moja. Wakimaliza kula, watoto wanaitaka kwa masomo yao, na wakilala wao, mimi nami usingizi umenishika.” Mumewe siku hizi huosha vyombo jioni mbili kwa juma na kuwalaza wajukuu, na majirani walipomcheka aliwajibu kwamba mitihani ni ya nyumba nzima. Huyo ndiye Karpo. Mungu ambariki.

Nasi je? Sakristia yetu ina meza ndefu, viti sita na taa nzuri. Hufungwa Jumapili adhuhuri, na kwa siku nyingi za juma hailaliwi ila na mende. Nimekusudia kulileta neno hili mbele ya Halmashauri ya Mtaa: ifunguliwe jioni za Jumanne na Alhamisi, tangu saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, kwa ajili ya wote wanaosoma, wakubwa kwa wadogo. Mhazini ameniuliza juu ya gharama ya umeme. Nimemjibu kwamba ya mwezi wa kwanza nitailipa mimi, kama malipo ya barua niliyokataa kuiandika. Ya miezi itakayofuata nawaachia ninyi.

Na liko jambo dogo zaidi, lisilohitaji kikao. Ukisikia mtu mzima asema ameanza masomo, usimcheke. Mwulize somo lake linaitwaje. Mwulize mtihani ni lini, ukaiandike tarehe hiyo, umwombee siku ile. Kama u jirani, mwangalilie kuku na watoto apandapo basi la alfajiri kwenda kituoni. Na kama huna uwezo wa kumsaidia kwa lo lote, basi usimwongezee mzigo kwa mdomo wako. Mimi nimejifunza kwa gharama ya mtu mwingine jinsi neno moja la mzaha linavyoweza kuila miaka sita.

Tuombe.

Ee Mungu, uliyempa mtumishi wako Luka akili ya kuchunguza na mkono wa kuandika, uwatie nguvu wote wanaosoma baada ya kazi ya mchana kutwa. Uwape kuona mbele yao, uwape unyofu katika mitihani, na amani katika nyumba zao. Utusamehe sisi tuliowavunja moyo, utufanye tuwe wa kubeba joho na vitabu vyao; kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi Padre wenu.