Betri Iliyovimba Usilale Nayo

Mjukuu wangu, hilo gari la rimoti uliloletewa kutoka Maskati ni zuri, sibishi. Nimeliona likipanda tuta la mchanga na watoto wa mtaa mzima wakilikimbilia. Cheza nalo, sikukatazi.

Ninachokukataza ni kile unachokifanya usiku, mlango umeufunga, betri iko juu ya godoro, chuma cha kulehemu kimeshapata moto, na simu inakuonyesha mtu wa mbali anayekwambia kazi hii ni rahisi.

Nakuomba unisikilize kwanza, halafu ukitaka unicheke.

Mimi nimelehemu redio tangu umeme wa Pemba ukitoka kwenye majenereta ya Wesha, kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga kutufikia mwaka 2010. Betri za zama zile ukizikosea zilivuja tu, zikaharibu kisanduku, ukapigwa kelele na baba yako, yakaisha. Hizi za lithiamu hazina msamaha huo. Maji yaliyomo ndani yake yanawaka.

Basi jua unachokishika. Ndani ya seli mna tabaka mbili zisizotakiwa kukutana kabisa, na kinachozitenga ni utando wa plastiki usiofikia unene wa unywele. Plastiki hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Chuma chako cha kulehemu kina nyuzi 350. Nawe unakikandamiza kwenye kichwa cha seli, unahesabu moja, mbili, tatu, risasi haishiki, unaendelea kukandamiza. Kwa nje huoni kitu. Ndani umeshaharibu.

Moto usiouona ndio unaokuona.

Kiwandani hawalehemu juu ya seli, mwanangu. Wanabandika ukanda wa nikeli kwa mpigo mmoja wa umeme, kufumba na kufumbua, joto halipati nafasi ya kuingia ndani. Kama huna mashine hiyo, nunua seli zilizokwisha kubandikwa vipande vya nikeli, ulehemu kwenye kipande. Kwenye seli yenyewe, hapana. Tafadhali, hapana.

Na hizo seli unazozitoa kwenye betri za kompyuta mbovu, hizi nene milimita 18 na ndefu milimita 65, nani kakwambia zina umri mmoja? Moja imechoka, nyingine bado ina nguvu, unazifunga pamoja, iliyochoka inaumia kila safari. Halafu kuna zile za dukani zilizoandikwa 9900 mAh ubavuni. Seli nzuri ya umbo lile huwa kwenye 3500 hivi. Anayeandika 9900 anakudanganya mchana kweupe, nawe unampa pesa.

Sasa gari lenyewe. Mota yake haina brashi, ndiyo maana inaruka vile. Ukiibana rimoti inaweza kuvuta makumi ya ampea kwa mpigo mmoja. Joto nalo halipandi taratibu. Ukizidisha mkondo mara mbili, joto kwenye waya na kwenye kiungo huwa mara nne. Kwa hiyo kiungo kibaya, ambacho kwenye redio kingekukwaruzia sauti tu, kwenye gari hili kinayeyusha plagi.

Kitazame kiungo chako juani. Kikiwa kimetulia, kinang'aa, risasi imeingia katikati ya nyuzi za waya, sawa. Kikiwa cha kijivu, kimekaa donge juu ya waya, uvute waya uone: unatoka mzima. Futa, piga msasa, paka dawa ya kulehemu, anza upya.

Ukibadilisha plagi ya betri, kata waya mmoja tu. Ulehemu, uvishe mpira wake, ndipo uuguse wa pili. Ukiingiza mkasi kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe, na mkasi utabaki na pengo.

Kuchaji je? Kila seli mwisho wake volti 4.2. Haizidi. Ndiyo kazi ya ile plagi ndogo nyeupe yenye nyaya nyembamba unayoiona haina maana: inaiangalia seli moja moja. Chaja iwe ya lithiamu. Betri ya 5000 mAh ipe ampea 5, usiikamue zaidi ili uwahi kurudi uwanjani. Na ikitoka uwanjani ya moto, iache ipoe kwanza, hasa siku hizi za kaskazi ambapo hata kivulini kuna joto. Kama kiganja chako hakivumilii kukaa juu yake, umeshapita kiasi.

Mwenye haraka ya chaji hulala na ndoo.

Nawe unachajia wapi? Chumbani, chini ya makuti, ubavuni mwa magunia ya karafuu za bibi yako zinazongoja kupelekwa kituoni. Karafuu kavu ina mafuta, wewe unajua, umezianika tangu mdogo. Betri ikilipuka pale hutaunguza gari. Utaunguza ada yako ya shule na dari juu ya kichwa cha bibi yako.

Tena seli moja ikiwaka inaichoma jirani yake, nayo inaichoma ya pili. Mchanga utaufunika moto lakini joto linabaki, baada ya saa unawaka tena. Linalosaidia ni maji mengi ya kupoza, na moshi wake ni sumu, usiusogelee. Ukiona moshi, toa watu kwanza. Gari liache liungue.

Usiseme babu anatia chumvi. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliruka kutoka Dubai ikielekea Ujerumani. Kwenye shehena mlikuwa na betri za lithiamu. Moto ukazuka kwenye mizigo, moshi ukajaa chumba cha marubani, wakashindwa hata kuona vipimo mbele yao. Ndege ilianguka, wakafa wote wawili. Hao walisomea kazi yao. Wewe una bomba la uani, siku linapotoa maji.

Nakuomba tena, mwanangu. Chajia nje, juu ya saruji au ndani ya sufuria kuukuu, mbali na ukuta, nawe ukiwapo, macho wazi. Usiku ukiingia, chomoa.

Na ile betri ya zamani uliyoificha chini ya kitanda, ile iliyotuna tumbo, najua ipo. Bibi yako kaiona akifagia. Kilichovimba kimeshasema. Usiitoboe kuitoa upepo, usiitupe kwenye moto wa takataka, usiivurumishe baharini. Itoe leo kabla ya Magharibi, uitie kwenye bati lenye mchanga huko uani, kisha njoo unambie umeshaitoa.