Yakobo, Labani na miguu ya Mputu

Hapa Kadutu, mjini Bukavu, kosa la mchezaji mpira Trésor Mputu kule Rwanda lilisamehewa upesi sana. Kutaka kwake kuondoka ndiko kulikoshikiwa kinyongo miaka na miaka. Mimi ni katekista, na siku za kazi ni mwalimu wa shule ya msingi. Jambo hili linanisumbua kwa sababu ndani yake naona vile sisi Wakristo wa mji huu tunavyopima dhambi, na kipimo chetu naamini kimepinda.

Mei 2010, kwenye Kombe la Kagame kule Rwanda, Mputu alikuwa kapteni wa TP Mazembe. Alimshambulia mwamuzi. FIFA ikamfungia miezi 12, na mwenzake Guy Lusadisu miezi 11. Kwa hiyo Desemba ya mwaka ule, Mazembe ilipokwenda Abu Dhabi kucheza Kombe la Dunia la Klabu, yeye hakuwamo. Ilipoipiga Pachuca ya Mexico 1-0, hakuwamo. Kabangu na Kaluyituka walipoiangusha Internacional ya Brazil 2-0, na Robert Kidiaba akaruka-ruka juu ya makalio yake mbele ya dunia nzima, hakuwamo. Timu ya Afrika ilikuwa haijawahi kufika fainali ile. Inter ya Milano ilitufunga 3-0, lakini usiku ule Bukavu haikulala kama mji ulioshindwa. Na katika kelele zile zote, nilichosikia juu ya kapteni aliyekosekana kilikuwa huruma tu: masikini Mputu, wamemwonea. “Arbitre naye alizidisha,” watu walisema. Sikusikia mtu akiuliza habari za yule aliyepigwa. Mpaka leo, kwenye kibaraza ambapo wazee wa shirika letu huzungumza mpira baada ya misa, hakuna anayejua jina lake.

Kisha ikaja miaka ya 2013 na 2014, mvutano juu ya kuondoka kwake, na mwisho akaenda Angola, Kabuscorp ya Luanda. Hapo ndipo niliposikia neno msaliti. Hapo ndipo wanaume wazima, wenye watoto, walipoapa kwamba hawatamtaja tena. Baadaye alirudi Lubumbashi, akavaa tena nyeusi na nyeupe, na hasira ikapoa kidogo bila kuisha.

Siku hizi watu wanamhesabu upya. Miguu imechoka, magazeti yamemwacha, na wale wale waliomwita msaliti wanakumbushana: alikuwa kapteni tulipochukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2009, alikuwemo mwaka ule ule timu yetu ya taifa ilipochukua CHAN ya kwanza kule Côte d'Ivoire, CAF ilimtangaza mchezaji bora kati ya wote waliocheza ndani ya Afrika. Mwaka 2013, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Afrika Kusini, tulikuwa nyuma 2-0 mbele ya Ghana, naye ndiye aliyefunga bao la kwanza la kuturudisha, Mbokani akasawazisha kwa penalti. Wanasema, “Tumusamehe.” Mimi nauliza, tumsamehe nini? Anayesamehe ni yule aliyekosewa. Aliyekosewa Rwanda ni mwamuzi, na msamaha ule uko mikononi mwake, sisi hatuna haki ya kuutoa kwa niaba yake. Na kwa kwenda Luanda, alitukosea wapi?

Katika kitabu cha Mwanzo kuna habari ya mgogoro wa mkataba, ndefu na yenye uchungu, nami huwa naisomesha kwa vijana wa kipaimara mara nyingi kuliko wanavyotarajia. Yakobo alimtumikia mjomba wake Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli. Asubuhi baada ya arusi akakuta amepewa Lea. Akatumikia saba mingine. Kisha sita kwa ajili ya mifugo. Jumla 20, na katika miaka hiyo Labani alimbadilishia mshahara mara kumi. Mwishoni Yakobo alingoja Labani aende kukata manyoya ya kondoo, akapandisha wake na watoto juu ya ngamia, akavuka mto bila kuaga. Labani alimfuata siku saba. Alipomfikia alilalamika kwa sauti ya baba aliyeumizwa: mbona hukuniambia, ningekusindikiza kwa nyimbo na ngoma. Halafu, pumzi ikimwishia, akasema lililokuwa moyoni mwake: hawa binti ni wangu, watoto ni wangu, mifugo ni yangu, kila unachokiona ni changu.

Nikisoma mahali pale nasikia sauti yetu. “Mutoto tulimulea siye benyewe, sasa anatuacha sawa vile?” Hakuna aliyemlea Mputu hapa Bukavu. Alizaliwa Kinshasa, alikua kimpira Lubumbashi. Sisi tulimwona kwenye televisheni. Lakini furaha aliyotupa ilikuwa kubwa hata tukaihesabu kuwa hati ya kumiliki.

Nilipoyasema haya shirikani, mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyekuwa karani enzi za Mobutu, alinizuia. “Mwalimu, kama mutu alitia signature, alitia.” Akanikumbusha Zaburi ya 15, mahali inapotaja nani atakayekaa katika hema la Bwana: mmojawapo ni mtu aliyeapa, na hata ikiwa kiapo kinamletea hasara, habadilishi. Mzee ana haki. Nchi hii imechoka na watu wasioshika neno. Tumetiliwa sahihi makubaliano ya amani mangapi, na nani aliyeyashika? Mtoto wa Bukavu aliyezaliwa akisikia habari za mikataba iliyovunjwa kabla wino haujakauka, tumwambie kwamba sahihi ni kitu chepesi? Sitamwambia hivyo. Aliyeahidi miaka mitatu acheze miaka mitatu, au aketi na mwenzake wapatane namna ya kuachana.

Lakini nilimwuliza mzee: wewe uliusoma mkataba wa Mputu? Hakuusoma. Hata mimi sijausoma. Hakuna mshabiki aliyeusoma. Tuliteta juu ya karatasi tusiyoijua, maana hasira yetu haikuwa juu ya karatasi. Kama mkataba wake ungeisha jana na akaondoka leo kwa haki yote, tungemwita jina lile lile. Tulichokuwa tunadai ni kwamba asitake. Na mkataba haumfungi mtu kwenye kutaka kwake. Unafunga kazi, unafunga muda. Zaidi ya hapo ni Labani anayesema.

Papa Leo wa 13, mwaka 1891, katika Rerum Novarum, aliandika juu ya wafanyakazi wa viwandani, na hoja yake moja inanisaidia hapa: kukubaliana peke yake hakutoshi kufanya patano kuwa la haki. Mtu mwenye shida anaweza kukubali sharti gumu kwa kuogopa lililo baya zaidi, na huo ni udhalimu hata kama kidole chake kimewekwa wino. Najua watajibu kwamba Mazembe ya Moïse Katumbi ililipa vizuri, kuliko timu nyingi za Afrika, na ni kweli. Watasema pia kwamba vikombe vya 2009 na 2010 vilikuja kwa sababu wachezaji walishikwa nyumbani badala ya kuuzwa wachanga, na hilo pia ni kweli, tena ni hoja nzito, maana nani hapendi kuona Afrika ikila matunda ya shamba lake? Lakini miguu ya mchezaji haisubiri. Mimi nafundisha tangu ujana na nitafundisha mpaka nizeeke. Mputu alizaliwa Desemba 1985. Mwaka 2007 alipokwenda kufanya majaribio Arsenal alikuwa na miaka 21, na alipofika Luanda alikuwa na 28. Kati ya hapo ndiyo maisha ya mchezaji, na hiyo ndiyo hesabu ambayo pesa haiwezi kurudisha.

Tulipata somo lile lile kutoka Dar es Salaam. Yanga ya mwaka 2022 ilifuatwa sana hapa, kwa ajili ya Fiston Mayele, Djuma Shabani na Yannick Bangala, Wakongomani wenzetu. Katikati ya timu ile alikuwa Mzanzibari, Feisal Salum, Fei Toto. Desemba 2022 aliamua kuondoka. Akaweka kwenye akaunti ya klabu shilingi milioni 112 za Tanzania, akisema ndiyo bei ya kuvunja mkataba pamoja na mishahara ya miezi mitatu. Yanga ikazikataa. Kamati ya shirikisho la soka la Tanzania ikaamua Januari 2023 kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa bila kucheza, wakati wenzake wanakwenda mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na kulikosa kwa sheria ya bao la ugenini mbele ya USM Alger. Juni 2023, kwenye karamu ya Ikulu ya kuipongeza Yanga, Rais Samia aliomba uongozi wa klabu uyamalize na Feisal. Siku chache baadaye alikuwa mchezaji wa Azam. Msimu uliofuata alifunga mabao 19, nyuma ya Aziz Ki tu.

Sheria, kama kamati ilivyoisoma, ilikuwa upande wa klabu. Sina ubishi nayo. Ila nawaza: ilibidi rais wa nchi aseme neno ili kijana acheze. Labani naye hakupunguza ukali kwa kuhurumia. Mungu alimtokea ndotoni usiku, akamwonya asimguse Yakobo. Na Yakobo mwenyewe hakuwa msafi. Raheli alikuwa ameiba miungu ya baba yake na kuikalia chini ya matandiko ya ngamia. Wanaoondoka nao wana yao. Lakini Maandiko hayamwiti Yakobo mwizi kwa sababu ya kwenda. Yule mkwe na mjomba wake walirundika mawe, wakala pamoja, wakaapa kwamba hakuna atakayevuka kwa ubaya. Labani akawabusu wajukuu wake akarudi kwake. Mkataba wa pili ule ulikuwa bora kuliko wa kwanza kwa sababu ndani yake kila mmoja alimtambua mwenzake kuwa mtu mwenye njia yake.

Ninayemwogopea zaidi ni yule asiye na ndoto wala rais wa kumtetea. Vijana wanaocheza Muungano na Bukavu Dawa, kwenye uwanja wa Concorde hapa hapa Kadutu, na wadogo zao wanaowaangalia kupitia ukuta, ndio wanaoletewa karatasi. Juzi mama mmoja wa shirika letu, muuza samaki, alinijia na karatasi ya namna hiyo, ya mtoto wake wa mwisho. Mtu aliyejiita meneja aliileta, imeandikwa Kifaransa kigumu. Mama hasomi Kifaransa. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Mwalimu, batatulipa ngapi?”

Nilimsomea yote, polepole, mpaka mwisho. Pesa ilitajwa mstari wa pili, kwa namba na kwa herufi. Miaka haikutajwa popote. Nikamwambia asitie kidole mpaka iandikwe ni miaka mingapi na mtoto anatokaje akitaka kutoka, kisha meneja aje asome mbele ya baba mdogo wa kijana na mbele yangu. Kijana alikuwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja cha mpira mkononi. Alinikasirikia, nikaona machoni. Alikuwa tayari kutia sahihi palepale, bila kusomewa.