Nani Ameandika Herufi Hii?

Kiswahili kinapenda sana kumshika mtu mkono. Aliyefiwa tunamshika mkono, anayeanza biashara tunamshika mkono, mwanafunzi asiye na ada tunachangishana na kumshika mkono. Ndiyo maana ni vigumu kumweleza mtu kwamba kuna namna ya kumshika mtoto mkono ambayo si msaada hata kidogo.

Nazungumzia kuandika katika chekechea. Mtoto wa dada yangu, hapa Kashozi, ana miaka minne na daftari lake limejaa herufi. Zipo "a" nzuri, za duara kabisa, na zipo nyingine zilizolala kama minyoo baada ya mvua. Nilimuuliza mbona zimetofautiana hivyo. Akasema bila hata kuona haya: "Hizi nzuri madamu alinishika mkono." Chini ya zile nzuri kuna alama ya vema kwa wino mwekundu. Zile za minyoo, ambazo ndizo zake kweli, hazina chochote.

Sasa vema ile ni ya nani?

Tuanze na mkono wenyewe. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane. Mtoto anapozaliwa yote bado ni gegedu, kisha inakomaa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi. Wa mwisho huweza kungoja hadi miaka tisa na zaidi. Macho nayo yana ratiba yake ya kufanya kazi pamoja na vidole. Kwa kawaida mtoto wa miaka mitatu anaweza kunakili duara. Msalaba unakuja karibu na miaka minne, mraba baadaye kidogo, pembetatu karibu na mitano. Umbo la almasi, ambalo mistari yake yote imekaa mshazari, wengi hulipata wakiwa tayari na umri wa darasa la kwanza. Ukimpa mtoto wa miaka minne herufi "k", yenye mishazari miwili inayokutana katikati, unamdai kitu ambacho pengine mwili wake bado haujafika.

Wala vidole vyake si vizembe. Njoo Novemba, senene wakianguka, umtazame mtoto huyo huyo amekaa na bibi yake mbele ya sinia. Anamshika senene kwa kidole gumba na cha shahada, anang'oa mabawa, anang'oa miguu, na tumbo halipasuki. Akimpasua, bibi anamtazama tu, na wa pili anakuwa mwangalifu zaidi. Anatoa mawe kwenye maharage. Anafunga mpira kwa majani makavu ya mgomba, na ule mpira unapigwa teke wiki nzima bila kufumuka. Vidole vile vile vinavyoitwa vibovu shuleni!

Mtu atanipinga kwa kumtaja Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, na watoto wake wakaanza kuandika wakiwa na miaka minne, mitano. Ni kweli. Lakini walianza na vidole: kushika vifundo vidogo, kupitisha ncha za vidole juu ya herufi za karatasi ya msasa, mpaka mkono ukalijua umbo. Kuandika kukaja kwenyewe, na herufi iliyotoka ilikuwa yao. Sipingi umri, msomaji. Napinga kumwazima mtoto mkono kisha kumsifia kwa kazi ya mkono ule wa kuazima.

(Na yule anayetumia mashoto hali yake ni mbaya zaidi, maana mara nyingi mkono unaoshikwa ni wa kulia, hata kama penseli ilikuwa kwingine. Jina lenyewe linatuambia: mkono wa kulia ni wa kulia chakula. Halikusema wa kuandikia.)

Nilipomwambia dada haya yote alinisikiliza, akamwaga mchele kwenye ungo, akasema: "Wewe kaka umeshasoma, ndiyo maana unaongea. Huyu akienda intavyuu ya darasa la kwanza watamuuliza kunyonyoa senene?"

Sikupata jibu la haraka, na sidhani kama lipo. Mapadri Weupe walifika Kashozi mwaka 1892, na tangu enzi hizo watu wa huku wameona kalamu inamtoa mtu shambani na kumfikisha mbali. Mwaka 1949 Lwamgira alichapishiwa na Rumuli historia ya Kiziba kwa Kihaya. Hata habari za wafalme zikaishi kwa sababu mtu alijua kuandika. Mzazi anayeyajua hayo huwezi kumcheka akitaka kuona wino kwenye daftari. Anaona ada yake inafanya kazi.

Hata mwalimu simlaumu sana. Aliniambia watoto wake wamepita arobaini, yuko peke yake, na siku akiwaacha wafinyange udongo, wazazi wanasema pale hawafundishi.

Bado nashikilia kwamba mtoto yule ametendewa jambo lisilo la haki, na si la vidole tu. Amejifunza kwamba herufi yake haihesabiki na herufi ya mwenzake aliyoibeba yeye inapata sifa. Miaka kumi na tano baadaye, chuoni, tutamwita mwizi wa kazi za watu. Wakati huo tutakuwa tumeshasahau alifundishwa wapi.

Sera ya Elimu ya 2014 ilitaka angalau mwaka mmoja wa elimu ya awali, na kusoma, kuandika na kuhesabu ndiyo kazi kubwa ya darasa la kwanza na la pili. Maana yake mtoto wa miaka minne hadaiwi mwandiko na serikali. Anadaiwa na intavyuu za shule za binafsi, na chekechea zinakimbizana na intavyuu hizo. Dada yangu hawezi kuziondoa, na hawezi kumfanya mwanawe jaribio la hoja zangu. Wenye shule wanaweza, tena muhula ujao: wampe mtoto maharage na udongo, wamtazame robo saa, wamwache achore anachotaka. Penseli ikae kwenye kopo mezani, aichukue mwenyewe akiitaka.