Andazi la Faranga Mia Tano: Ni Biashara au ni Sadaka?



Ndugu msomaji, kila muhula, na hasa Ramadhani inapokaribia, chuoni kwetu hutokea meza ndogo zenye kitambaa, beseni la mandazi, sahani ya sambusa na biskuti zilizotiwa kwenye bahasha za karatasi. Kando huwekwa karatasi yenye namba ya MoMo. Wauzaji ni vijana wa vikundi. Leo ni dada zetu wa Kiislamu wanaochangisha pesa za kulipia mituweli ya familia zisizo na uwezo, kesho ni kwaya ya wenzetu Wakristo, keshokutwa ni skauti. Tuseme andazi ambalo butiki huuzwa faranga 200, pale mezani ni 500. Tunalipa, tunakula, tunakwenda darasani. Ni wachache wanaojiuliza: hapa nimenunua, au nimetoa?

Desturi hii imeenea duniani. Huko Marekani, wasichana wa skauti wa mji wa Muskogee, jimbo la Oklahoma, walioka biskuti na kuziuza shuleni mwaka 1917 ili kugharimia shughuli zao, na leo biskuti hizo ni biashara kubwa ya nchi nzima. Kwetu sisi bado ni beseni na meza. Lakini swali ni moja, na kwa Muislamu si swali dogo, kwa sababu biashara ina hukumu zake na sadaka ina zake.

Katika biashara, Qur'ani inatutaka tuwe na maridhiano, na Sunna inatutaka tusifiche aibu ya bidhaa. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu ndani, akamkemea mwenye kuuza kwa kuuficha. Mnunuzi ana haki ya kulalamika, kupatana bei na kurudisha. Katika sadaka mambo ni mengine. Kinachotakiwa ni nia, na kuificha ni bora kwa mwenye kutoa, na hana haki ya kusimanga wala ya kudai malipo. Basi mtu akila andazi bichi la faranga 500, alalamike kama mnunuzi au anyamaze kama mtoaji? Na mwaka ukiisha, akihesabu alichotoa katika njia ya Mwenyezi Mungu, je, yale mandazi yamo?

Wapo wanaosema: hii ni biashara tu. Nimetoa pesa, nimepata andazi, hakuna zaidi. Kauli hii ina unyenyekevu ndani yake, lakini haisemi kweli yote. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayelipa 500 kwa kitu cha 200 kilichoko hatua hamsini mbele, isipokuwa ana sababu nyingine. Sababu hiyo ni lile jina lililoandikwa kwenye karatasi: mituweli, futari, yatima.

Wapo wanaosema kinyume: hii ni sadaka tu, andazi ni kisingizio. Hawa nao wanajipa kikubwa kuliko walichotoa. Faranga 200 katika zile 500 zimekurudia tumboni. Ulikuwa na njaa, ungekula andazi vyovyote vile. Huwezi kupeleka chakula chako cha asubuhi katika daftari la thawabu kama kwamba umemlisha mwingine.

Kuna kipimo kinachotufunua sote. Jiulize ungefanya nini mbele ya meza ya kwaya. Wenzetu wanauza mandazi yale yale, kwa bei ile ile, ili warekodi nyimbo zao za kanisani. Ndugu mmoja atanunua na kusema: mimi nimenunua mandazi tu, wanachofanya na pesa ni shauri lao. Vizuri. Lakini ndugu huyo huyo, akinunua kwenye meza yetu siku ya Ijumaa, husema: alhamdulillahi, leo nimetoa sadaka. Haiwezekani kitendo kimoja kiwe biashara tupu kwenye meza ya jirani na sadaka tupu kwenye meza yetu. Andazi halibadiliki umbo kwa sababu ya jina la kikundi.

Naona jibu la haki ni hili: pale mezani pana mambo mawili yaliyofungwa katika karatasi moja. Faranga 200 ni bei. Faranga 300 ni zawadi. Fikra hii si ngeni katika fiqhi. Wanafiqhi walipojadili mgonjwa wa maradhi ya kifo anayeuza mali yake chini ya thamani, walitenganisha bei na upendeleo. Ile tofauti wakaihesabu kuwa ni zawadi, ikaingia katika hesabu ya thuluthi ambayo mtu anaruhusiwa kuitoa wasia. Muamala mmoja ukapewa hukumu mbili, kila sehemu kwa hali yake. Nasi tukifanya hivyo, mambo kadhaa yanakaa mahali pake.

Kwanza, lile andazi. Kwa kuwa 200 ni bei, muuzaji anawajibika kama muuzaji yeyote. Lengo zuri halihalalishi mafuta yaliyochoka wala sambusa ya jana. Na wewe mnunuzi una haki ya kusema, kwa adabu, kwamba andazi halijaiva. Huo si ubakhili mbele ya kazi ya kheri.

Pili, zile 300 ni amana. Aliyezitoa hakukupa wewe, dada yangu au kaka yangu uliyekaa nyuma ya meza. Amezipitisha mikononi mwako. Kama karatasi imeandikwa mituweli, basi zisinunue fulana za kikundi. Na anayekuuliza wiki mbili baadaye pesa zilifika wapi hakushuku. Anauliza haki yake. Karatasi moja ubaoni inatosha: tumeuza mandazi kadhaa, gharama ni hii, kilichobaki ni hiki, kimelipia watu hawa (idadi yao, bila kutaja majina, ili tusiwavunjie heshima). Na tukumbushane pia kwamba zaka haiingii hapa. Zaka hukabidhiwa wanaostahiki, haitolewi kwa njia ya kununua kifungua kinywa.

Tatu, zawadi haina lazima. Hapa ndipo penye jambo zito kuliko tunavyodhani. Miongoni mwetu wapo wanaoishi kwa buruse peke yake, na buruse ikichelewa wanakula mara moja kwa siku. Meza ikiwekwa mlangoni mwa msala baada ya swala ya Ijumaa, na wauzaji wakamwita kila mtu kwa jina lake, huyo ndugu atalipa. Atalipa kwa sababu wenzake wanamtazama. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mali ya Muislamu si halali ila kwa ridhaa ya moyo wake, na wanazuoni wetu wana kanuni mashuhuri kwamba kinachochukuliwa kwa upanga wa haya ni haramu. Upanga huo hauonekani, lakini unakata. Basi meza iwekwe mahali ambapo mtu anaweza kupita kando bila kuonekana amekimbia, na asiitwe mtu kwa jina.

Mtu atasema: kama ni hivyo, kwa nini kusumbuka na unga na mafuta? Tuweke sanduku tu, kila mtu atie zile 300 zake. Hoja hii ina hesabu nzuri, lakini inasahau mambo mawili. Moja ni kwamba andazi linamsitiri mtoaji. Aliyelipa kwa kuwa ana njaa na aliyelipa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu wote wameshika andazi, na hakuna ajuaye nani ni nani. La pili ni heshima ya mwenye kukusanya. Mtume (s.a.w.) alimsifu anayechukua kamba, akaenda kukata kuni na kuziuza, kuliko anayewaomba watu. Kijana aliyeamka saa kumi za usiku kukanda unga amejifunza kitu ambacho mwenye kutembeza sanduku hajakijua.

Nne, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, kuna mtu wa tatu asiyeonekana mezani. Ni mama anayeuza mandazi karibu na lango, au kule Biryogo, ambaye hiyo 200 ndiyo maisha yake. Tufanye hesabu. Kikundi kinapika mandazi 150, kila moja kwa gharama ya faranga 100, kinayauza kwa 500. Faida ni faranga 60,000. Tuseme mchango wa mituweli ni faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka: hao ni watu 20 wanaoweza kwenda kituo cha afya. Ni kazi kubwa kwa Jumamosi moja. Lakini siku hiyo mama yule huenda amerudi nyumbani na beseni lililojaa.

Sasa chukua njia nyingine: kikundi kinanunua yale mandazi 150 kwa mama, kwa bei yake ya 200, kinaongeza 300. Faida ni faranga 45,000, yaani watu 15. Tumepoteza watu watano. Je, tumekosea?

Mwenye kutetea njia ya kwanza ana hoja ya kweli. Soko ni huru, hakuna aliyemiliki wateja, na nguvu za vijana ni zao kuzitoa sadaka watakavyo. Hakuna haramu hapo. Lakini zile faranga 15,000 hazikupotea. Ziko mkononi mwa mama, na mama huyo naye ana watoto wa kulipiwa mituweli. Tofauti ni kwamba yeye amezipata kwa jasho lake, bila kuandikwa katika orodha ya wanaosaidiwa. Tukumbuke pia kwamba yeye na sisi hatuko sawa mbele ya utaratibu wa jiji. Wale tunaowaita abazunguzayi, wanaotembeza bidhaa mitaani, wanakatazwa Kigali, na hata anayenunua kwao hutozwa faini. Utaratibu una sababu zake, na jiji limewajengea wengine masoko madogo. Hata hivyo beseni letu chuoni tunapewa pongezi kwa kulibeba, na la mwenzetu linamfanya atazame nyuma kila hatua. Anayepewa nafasi asiyopewa mwingine anapaswa kuwa mwangalifu asimkanyage.

Rai yangu ni hii. Ikiwa ni siku moja kwa muhula, mahali ambapo hakuna anayeuza, pikeni wenyewe na Mwenyezi Mungu aibariki kazi yenu. Ikiwa ni kila wiki, karibu na mtu anayeishi kwa biashara hiyo hiyo, nunueni kwake. Njia ya kwanza ni haki na ya pili ni ihsani, na haifai kutoa sadaka kwa mkate wa mwingine.

Limebaki suala la meza ya kwaya. Kwa upande wa bei hakuna tatizo. Mtume (s.a.w.) alinunua chakula kwa Myahudi kwa mkopo akaweka rehani deraya yake, na sisi kila siku tunanunua mchele kwa wenye maduka Wakristo. Kwa upande wa zile 300, wewe ndiwe mtoaji, basi uliza zinakwenda wapi. Zikiwa ni za kuwapelekea uji wagonjwa wa CHUK, toa kwa moyo mweupe. Qur'ani haikutukataza kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita, na katika nchi hii tunajua thamani ya ujirani. Wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 wapo Waislamu waliowaficha majirani zao bila kuwauliza dini. Zikiwa ni za ibada tusiyoiamini, pita kwa salamu na uso mkunjufu, huna ugomvi na mtu. Na haki hiyo tuwape na wao: rafiki yako Mkristo akipita meza yetu ya kuchangia zulia la msikiti bila kununua, usimnunie. Hajakutukana. Amejua tu kwamba 300 ni zawadi, na zawadi huenda anakopenda mwenye nayo.

Ndugu zangu, ombi langu kwa kamati zetu ni dogo. Kwenye karatasi ya namba ya MoMo ongezeni mstari mmoja: andazi 200, mchango 300, wa jambo fulani. Aliye na 200 tu auziwe andazi lake kwa 200 bila kuulizwa neno. Mkifanya hivyo, mnunuzi atajua amenunua nini, mtoaji atajua ametoa nini, na maskini wa kwetu atakula bila kuona haya.

Mwenyezi Mungu azitakase nia zetu na atubarikie katika kidogo tunachouza na tunachotoa. Wallahu a'lam.