Waliougua Kabla Yetu

Mtu akiambiwa ana ugonjwa wa kudumu, hupewa kadi. Yangu ina jina, umri, uzito na safu ndefu ya tarakimu za sukari. Wenzangu wa kisukari na presha ninaokutana nao kwenye mabenchi ya kliniki, wengine wa Kayanga na Omurushaka hapa wilayani Karagwe, wengine waliodamka na bodaboda kutoka Nkwenda na Kaisho upande wa Kyerwa, nao wana kadi za namna hiyo. Nimejifunza kuziheshimu tarakimu hizo, maana zinamwonyesha daktari jambo ambalo mimi mwenyewe silihisi mwilini. Lakini kadi haisemi mimi ni mtoto wa nani, ni wa ukoo gani, wala ni nani aliyenilea. Na ugonjwa usioisha una tabia ya kutaka kuwa jina la mtu. Usipokuwa na kitu kingine cha kushika, inafika siku unajiona wewe ni mgonjwa, basi.

Mimi nimeshika kumbukumbu za nyumbani. Wapo wanaoona kumbukumbu ni mazungumzo ya kupoteza muda ya wazee waliokwisha kustaafu jembe. Mimi nimeziona zikifanya kazi, na ningependa kueleza zinavyofanya.

Kwetu kumbukumbu zina mahali pake. Kibanja cha familia, huku Karagwe na vilevile Kyerwa iliyogawanywa kutoka wilaya yetu mwaka 2012, kina migomba na mibuni iliyopandwa pamoja, maharage chini yake, nyumba katikati, na mara nyingi makaburi ya wazee hatua chache kutoka mlangoni. Ukienda kukata mkungu wa ndizi unampita babu. Ukichuma kahawa unachuma kwenye mbuni uliopandwa na mtu unayemjua kwa jina. Ndiyo maana kijana akitamka neno la kuuza kibanja, wazee humuuliza kwanza habari za makaburi, bei baadaye. Mtu aliyelelewa mahali pa namna hiyo hawezi kusema kwamba ameachwa peke yake na mwili wake, hata siku ambazo mwili huo unamsumbua.

Siku za mwanzo kliniki, muuguzi aliniuliza kama katika ukoo wetu kuna aliyewahi kuugua kisukari. Swali hilo ndilo lililonirudisha kwa babu, mzaa baba. Nilimkumbuka akinywa maji kibuyu baada ya kibuyu na kiu isiishe. Nilikumbuka alivyokonda ilhali chakula kilikuwapo. Nilikumbuka pale nyuma ya nyumba alipozoea kujisaidia haja ndogo, sisimizi wakajaa, na watu wazima wakatazamana bila kusema kitu. Kisha kidole cha mguu kikapata kidonda kidogo kilichokataa kupona. Hakuna aliyempima sukari. Watu walisema karogwa, na jirani mmoja akanong'onwa kwa miaka mingi.

Leo najua sisimizi walikuwa wanafuata sukari. Aina ya kisukari inayotupata wengi ukubwani hufuata baadhi ya koo, ingawa uzito, umri na kukaa bila kutembea navyo vina sehemu yake. Ujuzi huo umenipa faraja ambayo sikuitegemea. Jirani yule hakuwa na hatia, na nimewaambia wadogo zangu hivyo waziwazi ili nao wawaambie watoto wao. Ugonjwa wangu haukutumwa na mtu. Aliyekuwa nao kabla yangu ni babu niliyempenda, na wanangu wanajua wanatakiwa kupima mapema bila kungoja kiu. Kumbukumbu moja imewaondolea watu hofu, chuki na ujinga kwa pamoja.

Ninachokishika zaidi, hata hivyo, ni jinsi babu alivyouguzwa. Bibi alikiosha kile kidonda kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, asubuhi na jioni, akikaa chini sakafuni na mguu wa mumewe mapajani. Aliagiza kitanda kisogezwe karibu na mlango ili mzee aone shamba lake. Mgeni akija alipewa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa, na aliyezigawa alikuwa babu kwa mkono wake, kwa sababu yeye ndiye mwenye nyumba. Shauri la mpaka wa shamba, posa ya shangazi, ada ya shule, yote yaliletwa pale kitandani. Mwili wake ulidhoofika, nafasi yake haikupunguzwa. Nikichoka na vidonge na kujichoma vidole, huwa nafikiria kitanda kile karibu na mlango. Nilijifunza utotoni, kabla sijajua kwamba najifunza, kuwa mtu anaweza kuugua na akaendelea kuwa mkubwa wa nyumba yake.

Karagwe ina historia ya kumtunza mgonjwa hata akiwa mgeni. Mwaka 1861 wasafiri wawili wa Uingereza waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Januari 1862 Speke aliendelea kwenda Buganda. Grant hakuweza, mguu ulikuwa umemharibika hata kusimama ni shida, akabaki nchini kwa Rumanyika hadi Aprili. Mgeni asiyeweza kutembea, asiye na ndugu hata mmoja karibu, aliishi miezi hiyo chini ya ulinzi wa mwenyeji wake, hadi safari yake ilipoendelea. Mimi ninayekagua nyayo zangu kila jioni kwa kuogopa mchubuko, naisoma habari ya mguu ule kwa makini sana. Grant alirudi kwao akaandika kitabu, na Rumanyika akajulikana duniani kwa ukarimu wake. Mwaka 2019 hifadhi ya taifa ya Rumanyika-Karagwe ilianzishwa na kubeba jina lake. Bibi yangu hana kitabu wala hifadhi. Tusipomtaja sisi aliotulea, hakuna mwingine atakayemtaja.

Zipo pia kumbukumbu ambazo familia nyingi za huku zilizifungia ndani. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu wa Kagera mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Miaka iliyofuata vijana walizikwa, na mabibi wakaanza kulea upya wakiwa wamekwisha kulea. Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004, na wengi walikuwa wamekwisha kwenda. Katika baadhi ya nyumba picha za marehemu hao zilitolewa ukutani na majina yao hayakutajwa tena mbele ya watoto. Naielewa aibu iliyofanya hivyo, lakini naona ilichotunyang'anya. Mtu anayeishi na VVU leo, anayemeza dawa yake, analima na kusomesha, angepata nguvu kubwa kusikia kwamba shangazi yake aliugua hivyohivyo, kwamba alikuwa mcheshi, kwamba alisuka mikeka mizuri, na kwamba kuna mtu aliyekaa naye hadi mwisho.

Ng'ambo ya mto Kagera, akina mama wa Uganda waliliona hilo mapema. Wanawake wa NACWOLA, chama cha wanaoishi na VVU, walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao wakati ambapo dawa zilikuwa hazipatikani. Mama aliandika kwa mkono wake, au alimwambia mtu amwandikie: ukoo wetu ni huu, siku uliyozaliwa ilikuwa hivi, ulipenda kula kitu hiki, baba yako alikuwa mtu wa namna hii, mimi naugua ugonjwa huu. Mwandishi wa Sweden, Henning Mankell, alikwenda Uganda kuwasikiliza, na mwaka 2003 akatoa kitabu juu ya kazi yao. Miaka kumi na zaidi baadaye yeye mwenyewe aligundulika ana saratani, na katika kitabu alichokiandika akiugua alirejea utoto wake kule kaskazini kwenye theluji. Nafikiri akina mama wale walimtangulia njia. Walichokigundua ni kwamba kuandika kulimsaidia mtoto baadaye na kumsaidia mama palepale, kwa sababu mtu anayesimulia ukoo wake anakumbuka kwamba maisha yake ni mapana kuliko maradhi yake.

Lazima niseme pia kwamba kumbukumbu zinaweza kutudanganya. Nimemsikia mtu akijitetea kwamba mzee wake alikula ndizi na kunywa pombe ya rubisi mpaka uzeeni na hakumeza kidonge. Mzee huyo alitembea kwa miguu kwenda mnadani na kurudi, alilima tangu alfajiri, na hatujui aliishi na maumivu gani asiyoyasema. Kumpenda marehemu hakutuamuru tuache dawa. Nami nazipenda ndizi za mama zilizopikwa pamoja na maharage, zikafunikwa kwa majani ya mgomba hadi zikalainika, na harufu ya senene wakikaangwa Novemba mvua zikinyesha. Siku hizi sahani yangu ina ndizi chache, maharage mengi na mboga za majani nyingi zaidi. Mapishi ni yaleyale na mikono iliyonifundisha ni ileile. Sikulazimika kuwaacha wazee wangu ili nitii masharti ya kliniki. Kumbukumbu njema inakubali kipimo, na ile inayokufanya ukikimbie inafaa ichunguzwe upya.

Wala si kila mtu alilelewa na bibi kama wangu. Wapo ambao nyumbani kwao palikuwa na ugomvi, ulevi, au ukimya mzito. Kwa hao sina maneno mepesi. Nimeona tu kwamba mara nyingi hata katika nyumba ngumu alikuwapo mtu mmoja, pengine jirani, pengine mama mkubwa, aliyekuletea uji ulipokuwa na homa. Mmoja huyo anatosha kuanzia. Pale ambapo hakuwapo hata mmoja, mgonjwa bado ana nafasi ya kuwa mtu huyo kwa walio wadogo kwake, na huenda huo ndio ukubwa wa moyo kuliko wote.

Kwa maana sisi tunaougua sasa tunatazamwa. Watoto wanaona tunavyomeza dawa, tunavyowajibu wanaotuuguza, kama tunawashukuru au tunawakaripia, kama tunataja ugonjwa wetu kwa jina au tunauficha. Siku mmoja wao atakapoambiwa na daktari neno zito, atatafuta kichwani mwake mtu aliyewahi kupita pale. Namtakia anikute mimi, nikiwa nimekaa na heshima yangu.

Basi nunua daftari. Mwulize mzee aliye hai: baba yako aliugua nini, nani alimwuguza, alikuwa akisema nini usiku? Andika majibu pamoja na majina, kisha ongeza habari za ugonjwa wako mwenyewe, waziwazi, ili watakaokuja wajue walitoka kwa nani. Fanya hivyo wiki hii, wakati mzee bado anakumbuka na wewe bado unaweza kumwuliza.